Bunduki na Karatasi Zake: Mwongozo Kamili wa Matunzo kwa Mmiliki Halali

Kwa miaka sita nilikuwa na bunduki ambayo, ukifuata maandishi, haikuwa yangu. Namba iliyochongwa kwenye chuma ilianza na herufi B, lakini leseni ilisema 8. Siku ya usajili karani aliitazama haraka, matundu mawili ya ile herufi yalikuwa yamejaa grisi iliyoganda, na mimi sikujisumbua kusoma mwenyewe. Niligundua siku moja nikiisugua kwa mswaki wa zamani: grisi ikabanduka, na upande wa kushoto wa ile "8" ukatokea mstari ulionyooka kama rula. Nilikaa chini kwanza. Kusahihisha herufi moja kulinichukua miezi minne, na muda wote huo bunduki ilikuwa imeshikiliwa kwenye ghala la ofisi. Ilirudi na kutu kwenye bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu.

Tangu hapo sitenganishi usafi wa bunduki na usafi wa karatasi zake. Wamiliki wakikutana, mazungumzo hayakawii kufika kwenye sheria: inazidi kubana, fomu zinaongezeka, kuna siku watatunyang'anya. Hofu hiyo naielewa, na baadaye nitaieleza inavyostahili. Lakini watu niliowaona wakiingia matatani, wengi waliponzwa na mambo madogo waliyoyaacha wenyewe: leseni iliyopita tarehe kwa wiki mbili, risasi saba zilizosahaulika kwenye mfuko wa koti, kabati lililofungwa huku ufunguo ukining'inia kando yake. Kwa hiyo mimi huweka bunduki na karatasi mezani siku moja, na mwongozo huu unafuata mpangilio wa siku hiyo, tangu kutoa risasi mpaka kufunga kabati.

Kwanza: hakikisha haina kitu

"Nilidhani haina kitu" ndiyo kauli inayosikika baada ya ajali nyingi za nyumbani. Usidhani. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka kwa bahati mbaya haitamkuta mtu, na ukumbuke kwamba ukuta mwembamba, mlango na dari havizuii risasi. Kidole kikae nje ya kitriga.

Mpangilio wa kutoa risasi una maana yake. Toa magazini, kile kikasha cha risasi, kwanza, kisha ndipo uvute bolti (kwenye bastola huitwa slaidi) nyuma kutoa iliyomo kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Ukigeuza, yaani ukaanza na chemba huku magazini ikiwa mahali pake, ile ya kwanza itaruka nje, na slaidi ikirudi mbele itasukuma nyingine ndani. Unabaki na risasi moja mkononi na moyo uliotulia, na bunduki iliyojaa.

Baada ya hapo acha bolti wazi, tazama chemba kwa mwanga, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uguse. Jicho hudanganyika, hasa jioni. Kidole kikigusa tundu tupu, umepata uhakika. Rudia mara ya pili. Sababu ya kusisitiza hivi ni kwamba baadhi ya bastola hazifunguki kwa usafi mpaka uvute kitriga kwanza, na hapo ndipo watu wamejipiga mikono na mapaja.

Mwisho, risasi zote ziondoke kwenye chumba. Si kwenye droo ya meza ileile, bali chumba kingine kabisa.

Vifaa

Huhitaji vingi. Tafuta mdeki, yaani fimbo ya kusafishia mtutu, wa kipande kimoja, wa chuma kilichovikwa plastiki au wa shaba. Ile ya alumini ya kuunganisha vipande vipande ni laini, hunasa chembe za mchanga na kugeuka msasa ndani ya mtutu. Ongeza brashi ya shaba inayolingana na kaliba (upana wa tundu la mtutu) ya bunduki yako, vitambaa vya pamba (fulana kuukuu iliyofuliwa inatosha), dawa ya kusafishia mtutu, mafuta mepesi ya bunduki, mswaki, kurunzi ndogo, na glovu za nitraili. Kitabu cha maelekezo cha bunduki yako kikae wazi mezani, maana kila aina ina namna yake ya kufunguliwa.

Usitumie mafuta ya kupikia. Yanang'aa siku ya kwanza, kisha yanaganda kama gundi na kuzuia springi. Petroli nayo iache kwenye tangi: mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo.

Fanya kazi penye hewa inayopita, mbali na chakula na mbali na watoto. Lugha yetu inatumia neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka mtutuni na kwa madini yenyewe, na madini hayo ni sumu. Yamo kwenye kichwa cha risasi, na katika risasi nyingi yamo pia kwenye fataki inayowasha baruti, kwa hiyo ule weusi unaobaki kwenye kitambaa una chembe zake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji baridi, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.

Kusafisha mtutu

Safisha kutokea upande wa chemba kwenda mdomoni kila inapowezekana. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio kitu cha mwisho kinachoigusa risasi inapotoka. Ukikwaruzwa upande mmoja na mdeki, bunduki iliyokuwa ikilenga vizuri itaanza kutawanya, na utailaumu darubini ya kulengea bure. Kama muundo unakulazimisha kuanzia mdomoni, tumia kizibo cha kuongozea mdeki au kamba ya kuvuta.

Loanisha kitambaa kwa dawa, kipitishe mara moja, kitupe. Kinatoka cheusi kama masizi. Pitisha cha pili, cha tatu. Kisha brashi: iloweshe, isukume mpaka itokeze yote mdomoni ndipo uirudishe, kwa sababu kuigeuza katikati ya mtutu kunapinda nywele zake. Mara kumi zinatosha. Baada ya hapo pitisha kitambaa chenye dawa tena, uuache mtutu ukae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

Ukiona kitambaa kinatoka na rangi ya kijani au buluu, ni shaba iliyobaki kutoka kwenye maganda ya vichwa vya risasi, na dawa yenye amonia inaiyeyusha. Dawa hiyo ina nguvu, usiiache ilale humo usiku kucha. Na ukumbuke kuwa brashi yako nayo ni ya shaba: ukiitumia na dawa ya amonia utaendelea kuona buluu bila mwisho, ukisugua mtutu ambao ulishatakata. Kwa hatua hiyo tumia kitambaa au brashi ya nailoni.

Kuna jambo moja kwa wanaotumia risasi za zamani za kijeshi. Fataki nyingi za aina hiyo ziliundwa kwa potasiamu kloreti, ambayo ikiungua inaacha chumvi inayovuta unyevu wa hewani. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo. Yanaifunika tu, na chini yake kutu inaendelea. Kinachoiondoa ni maji. Pitisha vitambaa vyenye maji ya moto siku hiyohiyo uliyopiga, kausha vizuri, ndipo ufanye usafi wa kawaida na kupaka mafuta. Watu wakisikia maji na bunduki katika sentensi moja wanashtuka, lakini hapa maji ndiyo yanayoiokoa.

Dawa ikiwa bado inafanya kazi, fungua bahasha

Hizi dakika za kusubiri ndizo za karatasi. Vua glovu, nawa mikono, keti.

Soma namba iliyochongwa kwenye chuma kwa mwanga wa kurunzi, uiandike kwenye karatasi tupu bila kutazama leseni. Ndipo ulinganishe, herufi kwa herufi. Ukisoma huku umeshika leseni, jicho litaona kile ambacho leseni imeshakuambia. Ndivyo nilivyoishi na B yangu miaka sita. Angalia hasa 0 na O, 1 na I, 5 na S, 8 na B. Ukikuta tofauti, iarifu ofisi inayohusika kwa maandishi kabla hujasafiri nayo popote, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Namba hiyo ndiyo uso wa bunduki mbele ya sheria. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kila silaha inachongwa alama yake ya kipekee inapotengenezwa, na katika nchi nyingi kukutwa na silaha iliyofutwa namba ni kosa zito, uwe uliifuta wewe au uliipokea hivyo. Kwa hiyo kutu ikianza juu ya namba usithubutu kushika msasa. Piga picha kwanza, paka mafuta, futa kwa kitambaa laini. Isipotoka, mpelekee fundi bunduki mwenye kibali na akuandikie alichofanya.

Kisha tazama tarehe. Leseni yenyewe, kibali cha risasi kama kipo, cheti cha mafunzo, uanachama wa klabu kama sheria ya kwako inaudai. Weka kikumbusho siku 90 kabla ya kila tarehe, si wiki moja kabla, kwa sababu ofisi zina foleni na fomu zina viambatisho. Anwani nayo: ukihama nyumba, bunduki imehama, na kwingi unatakiwa kutoa taarifa.

Hesabu risasi. Zihesabu kwa mkono, ulinganishe na idadi unayoruhusiwa na ile uliyoiandika mara ya mwisho. Pekua mifuko ya koti la kuwindia, begi, na kisanduku cha mbele cha gari. Risasi moja iliyosahauliwa begini imewazuia watu wasio na nia yoyote mbaya kwenye viwanja vya ndege.

Mwisho, piga picha ya namba na ya bunduki nzima, uihifadhi mahali pengine mbali na kabati la bunduki. Kabati likiibwa na karatasi zikiwemo, polisi watakuuliza namba na hutakuwa nayo.

Kumalizia na kuunganisha

Rudi mezani. Pitisha vitambaa vikavu mpaka vitoke safi au karibu na safi. Usiwe mtumwa wa weupe, mtutu mwingi zaidi huharibiwa na usafishaji wa pupa kuliko na matumizi. Safisha kwa mswaki uso wa bolti na ile kulabu inayong'oa ganda la risasi iliyopigwa, maana uchafu ukijaa nyuma yake ganda litakwama chemba. Fungua magazini kama inafunguka, ifute ikauke, na usiipake mafuta ndani.

Mafuta yenyewe yawe kidogo. Pale chuma kinaposuguana na chuma utaona rangi imelika na kung'aa. Tone moja hapo, litandaze kwa kidole. Ndani ya mtutu pitisha kitambaa chenye mafuta machache kama unaihifadhi, na kumbuka kupitisha kikavu kabla ya kupiga tena. Mafuta mengi yanakusanya vumbi, na ya bunduki iliyosimamishwa kitako chini yanateremka taratibu mpaka kwenye mbao, ambapo huilainisha palepale inapobeba kishindo. Ndiyo maana bunduki za zamani zenye kitako cha mti mafundi wengi huziegemeza mdomo chini.

Ukishaunganisha, bila risasi, jaribu kila kitu: kizuizi cha usalama kinashika, bolti inajifunga, kitriga kinarudi. Kwa bunduki ndogo za .22 usifyatue tupu ovyo, kwa kuwa pini yake ya kugonga fataki inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuutia kovu; tumia risasi bandia. Mwisho futa nje kwa kitambaa chenye mafuta na usiguse tena chuma kwa mkono mtupu. Niliwahi kuacha alama ya kidole gumba kwenye mtutu baada ya siku ya jasho. Wiki tatu baadaye ilikuwa imechorwa kwa kutu, na mistari ya kidole ikihesabika.

Kurekebisha mwenyewe: ishia wapi

Kubadilisha springi iliyochoka kwa ya aina ileile, kukaza skrubu za darubini, sawa. Kugusa mtambo wa kitriga ili uwe mwepesi, kukata mtutu, au kubadilisha namna bunduki inavyopiga, acha. Hatari ya kwanza ni ajali na ya pili ni mahakama. Nchini Marekani, kwa mfano, chini ya sheria ya shirikisho iliyoanzia mwaka 1934, kutengeneza bunduki ya marisau (inayorusha chembe nyingi kwa mpigo mmoja) yenye mtutu wa chini ya inchi 18 bila kibali na usajili maalumu ni jinai. Mtu mwenye mtutu uliopasuka mdomoni, anayechukua msumeno ili aokoe bunduki ya baba yake, anaweza kutoka karakana yake akiwa mhalifu bila kujua.

Ukiwa unapiga na ukasikia mlio mdogo usio wa kawaida, mzito kama wa kizibo kikichomoka, simama. Huenda kichwa cha risasi kimekwama njiani, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unapasuka. Ukivuta kitriga pasisikike kitu, shikilia bunduki ikielekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 au zaidi kabla ya kufungua, kwa sababu fataki nyingine huchelewa. Na wenye bunduki za marisau za geji 12 wasiweke risasi za geji 20 kwenye mfuko mmoja nazo: ile ya 20, iliyo nyembamba zaidi ingawa namba yake ni kubwa, inateleza na kuzama mbele ya chemba, unaona tundu tupu, unaweka ya 12 nyuma yake. Rangi ya njano ya risasi za geji 20 ipo kwa ajili ya kuzuia ajali hiyo.

Kabati

Kabati la chuma, lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, risasi zikiwa na kufuli lao tofauti. Hakikisha kiwango kinachotakiwa na sheria ya kwako kabla ya kununua, kwa sababu viwango vinabadilika. Ujerumani, kabati jipya la bunduki tangu Julai 2017 linatakiwa kufikia kipimo cha usalama EN 1143-1 daraja la 0 au zaidi, na tangu mwaka 2009 maofisa wanaweza kuja kukagua uhifadhi hata kama hawakushuku lolote. Wengi wanauona ukaguzi huo kama udhalilishaji. Mimi nasema uwe tayari kwao kama unavyokuwa tayari kwa mgeni: ukiufungua mlango, hakuna cha kuficha.

Ufunguo ndio udhaifu wa kabati nyingi. Mtoto anajua droo zote za nyumba kuliko wewe. Ukitumia namba za siri, zisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu wa nyumbani.

Ndani, unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 50. Kipimo kidogo cha unyevu ni rahisi kukisoma kila ufunguapo. Weka vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na uvikaushe tena vinapojaa. Usihifadhi bunduki ndani ya ala ya ngozi au begi la sponji. Ngozi hubaki na chumvi za viwandani na huvuta maji, sponji inayakumbatia. Hivyo ni vya safari tu.

Nalisema na hili kwa uzito wote. Mtu wa nyumbani akipitia huzuni nzito, msiba, kufilisika, au maneno ya kukata tamaa, bunduki iondoke nyumbani kwa muda, kwa njia inayokubalika kisheria: ghala la klabu, la muuzaji mwenye leseni, au la polisi. Mawazo ya kujiua mara nyingi huja kama wimbi na kupita. Bunduki iliyo karibu haimpi mtu nafasi ya kungoja lipite. Na ikiwa mtu huyo ni wewe, mwambie unayemwamini leo, akusaidie kuipeleka na kutafuta msaada.

Sheria inapobadilika

Hofu ya kupoteza bunduki haikuanzia hewani. Australia ilibadilisha sheria zake mwaka 1996 na New Zealand mwaka 2019, kila moja baada ya mauaji ya halaiki, na aina fulani za silaha zilizokuwa halali zikawa haramu. Zote mbili zilinunua silaha hizo kutoka kwa wenyewe. New Zealand fidia ilipangwa kwa hali ya silaha: asilimia 95 ya bei ya msingi kwa iliyo mpya au karibu na mpya, 70 kwa iliyotumika, na 25 kwa iliyochakaa. Fikiria wamiliki wawili wa bunduki za aina moja, walionunua siku moja. Tofauti ya malipo yao ilikuwa kutu.

Ukisikia sheria mpya inakuja, soma maandishi yenyewe, si ujumbe uliosambazwa. Tafuta mambo matatu: inagusa silaha ya aina gani, inaanza lini, na kipindi cha mpito ni cha muda gani. Usipoelewa kifungu, uliza ofisi ya leseni kwa barua na utunze jibu. Kama unaona sheria inawaonea wamiliki waaminifu, sema: andika maoni muda wa maoni ukifunguliwa, mwone mwakilishi wako, jiunge na chama cha wamiliki, nenda mahakamani ikibidi. Hiyo ni haki yako, na hoja ya mtu mwenye leseni hai, kabati lililofungwa na daftari la miaka kumi inasikika tofauti.

Usilolifanya ni kuificha. Bunduki iliyozikwa haisafishiki, haiwindi, haiuziki, na watoto wako hawawezi kuirithi bila kurithi na kesi.

Ukurasa wa mwisho wa daftari

Kila nikimaliza usafi naandika tarehe, idadi ya risasi, nilichobadilisha, na tatizo nililoliona. Ukurasa wa mwisho nimeuandikia familia. Una namba ya bunduki, mahali kabati lilipo, jina la mtu wa pili anayejua kulifungua ikiwa sheria inamruhusu, na ofisi ya kupigia simu. Umeandikwa pia kwamba nikifa au nikiugua nisiweze kusema, mtu yeyote asiibebe bunduki mkononi kuipeleka kituoni: apige simu kwanza, aeleze ni ya nani na iko wapi, asubiri kuelekezwa nani aichukue na kwa siku ngapi. Mke wangu ameusoma, na nilimwomba aurudie kwa sauti.